Analipa Hapa, Anapiga Kura Kule

Ukitaka kujua mfanyabiashara mdogo ana uhusiano gani na serikali ya jiji lake, angalia tu nani humwendea nani. Kwa kawaida serikali ndiyo inayomwendea yeye. Asubuhi anapita mkusanya ushuru na kimashine chake, wiki inayofuata anapita bwana afya, na siku ya operesheni wanapita mgambo. Yeye kwenda serikalini, tena kwenda kusema na sio kulipa, hiyo ni habari ya kusimuliwa kijiweni mwezi mzima.

Nimeileta mada hii kwenye jarida la wanafunzi, mahali ambapo tumezoea kuandika kuhusu bumu na matokeo yaliyochelewa, kwa sababu sisi ndio tunaokula kwa hawa watu. Zunguka nyuma ya hosteli uhesabu: mama lishe, kaka wa stationery, wakala wa pesa za simu, kinyozi, fundi simu, dada wa juisi ya miwa, boda wanaokesha pale kona. Bila wao chuo kinasimama. Operesheni ilipopita kule nyuma muhula uliopita, meza zikavunjwa na masufuria yakapakiwa kwenye lori, sahani ya wali maharage ilitoka 1,500 ikafika 2,000 ndani ya wiki moja. Mama lishe waliobaki walikuwa watatu na foleni ilikuwa ile ile. Zidisha hiyo mia tano kwa milo miwili kwa siku, kwa mwezi unapata 30,000. Kwa mtu anayesubiri bumu, hiyo ni hela kweli kweli.

Halmashauri yenyewe siitaji. Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano, yaani Jiji (ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na ninachotaka kusema kinazihusu zote, tena na Mwanza na Mbeya humo humo.

Ni hivi. Mfumo wetu wa serikali za mitaa unamhesabu mtu mahali anapolala. Ushuru unamhesabu mahali anapouzia. Mama ninayekula kwake analala Mbagala. Anaamka saa tisa usiku, saa kumi na moja yuko barabarani na ndoo zake, saa kumi na mbili moto umewaka hapa kwetu. Anarudi nyumbani giza limeingia. Novemba 27, 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, alipiga kura Mbagala, kwa sababu sheria inataka mpiga kura awe mkazi wa mtaa. Akamchagua mwenyekiti wa mtaa ambao haumtozi hata shilingi mia. Mtaa anaoulipa, ambao takataka zake anazifagia na mtaro wake anauzibua kwa mikono mvua ikinyesha, hauna jina lake popote isipokuwa kwenye risiti. Mwenyekiti wa huku anamfahamu vizuri sana, lakini anamfahamu kwa supu. Kwa kura hamdai chochote.

Mkutano mkuu wa mtaa nao ni hivyo hivyo: ni wa wakazi waliotimiza miaka 18. Huyu mama akija, atakuwa mgeni. Na hata angeruhusiwa kusimama na kusema, mikutano huitishwa saa nne asubuhi. Nilipomshauri aende angalau akasikilize, aliniangalia kama mtu aliyeona mtoto anachezea moto. "Mwanangu, saa nne mimi ndio nachagua mchele. Nikienda huko kukaa, saa saba nyie mtakula hotuba?"

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 146, inasema lengo la kuwa na serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Haikusema wananchi wanaolala tu. Ila sheria zilizofuata, na zaidi ya sheria mazoea, zimetafsiri mwananchi kuwa ni mtu mwenye kitanda ndani ya mpaka wa mtaa. Kijijini hilo halina tatizo, kwa sababu shamba na nyumba mara nyingi viko kijiji kimoja. Mjini ni vituko. Kariakoo mchana ina watu wengi kupindukia, usiku wengi wao wako Tabata, Gongo la Mboto, Kimara na Mbagala. Wanaoijua Kariakoo kwa kila ufa wa lami hawana kura Kariakoo.

Mtu atasema wafanyabiashara wana vikao vyao. Wanavyo. Baraza la Taifa la Biashara lilianzishwa mwaka 2001, mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe, na chini yake kuna mabaraza ya biashara ya mikoa na ya wilaya. Ni kitu kizuri na wala sikibezi. Lakini tazama nani anakalia kiti. Mkoani ni mkuu wa mkoa, wilayani ni mkuu wa wilaya, wote wateule wa serikali kuu. Meya na madiwani, wale ambao ndio hupitisha ushuru wa soko na sheria ndogo ya usafi, sio wenyeji wa meza hiyo. Na upande wa pili wa meza wanakaa wenye viwanda, wenye mahoteli, watu wa TCCIA, watu wenye kadi za biashara mfukoni na mwanasheria kwenye simu. Muuza chipsi haalikwi, na akialikwa hana nauli ya kupoteza siku.

Kuna jambo jingine linalotuumiza, nalo ni kwamba kwa mfanyabiashara mdogo serikali ni moja tu. Akikasirika, anaikasirikia "serikali". Sasa hasira isiyo na anuani haifiki popote. Kaka wa stationery aliwahi kunimwagia malalamiko nusu saa nzima, na tulipoyachambua kwenye karatasi ya kutolea kopi, yakawa ya ofisi nne tofauti. Makadirio ya kodi ya mapato: TRA. Leseni ya biashara yake: halmashauri. Shimo la barabarani linalomwaga maji mlangoni mwake: TARURA, ambao tangu 2017 ndio wanaosimamia barabara za mitaa. Kodi ya jengo: hiyo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo yeye mpangaji ananunua umeme na hapo hapo anamlipia mwenye nyumba kodi yake, labda wakubaliane kurudishiana, na wewe niambie ni mwenye nyumba gani anakubali. Diwani ambaye yeye alitaka kwenda kumkaba koo hahusiki na mambo matatu kati ya hayo manne. Lile moja linalomhusu, hata hakuwa amelitaja kwa ukali.

Na kwa halmashauri yapo ya kuuliza, tena mengi. Upo ushuru wa huduma, ambao sheria ya fedha za serikali za mitaa inauruhusu utozwe kama asilimia ndogo ya mauzo baada ya kutoa VAT na ushuru wa bidhaa. Sikiliza vizuri: ya mauzo, sio ya faida. Duka likiuza sana kwa faida nyembamba, linalipa sana. Zipo ada za taka, ushuru wa masoko, na vibali vya matangazo. Halafu kuna upande ambao pesa inarudi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inapaswa kukopeshwa bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya maswali mazito ya ripoti ya CAG, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Vilevile sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwemo. Chai ya vikao vya halmashauri inapikwa na nani? Shajala zinanunuliwa wapi? Hayo ni maswali halali kabisa kuulizwa na mama lishe na kaka wa stationery, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wana haki ya kuyauliza.

Sasa twende kwenye kalenda, maana hapa ndipo tunapopigwa bao kila mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Watu wengi wanaamka Juni, bajeti ya taifa inaposomwa Dodoma, redio zote zinaimba kodi. Lakini bajeti ya halmashauri huwa imeshapikwa zamani. Maoni yanatakiwa yaanzie mtaani, yapande kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ndiye katibu, yaende kwenye kamati za kudumu za halmashauri, kisha baraza la madiwani lipitishe, kabla hayajaelekea mkoani, TAMISEMI na bungeni. Baraza huwa limeshapiga muhuri miezi kadhaa kabla ya hiyo Juni. Anayetaka soko la kata liwekewe taa au choo, wakati wake ni Novemba na Desemba, sisi tukiwa kwenye mitihani na yeye akiwa anahangaika na mauzo ya sikukuu. Akija Juni na bango lake, anapiga kelele kwenye nyumba iliyohamwa.

Sheria ndogo nazo zina mlango wake, mdogo lakini upo. Halmashauri haiwezi kutunga sheria ndogo kimya kimya. Inatakiwa itoe tangazo la kusudio, wananchi wapewe nafasi ya kuleta pingamizi au maoni, na baadaye waziri aridhie. Nilikwenda ofisi ya mtaa kufuata barua ya utambulisho, barua ambayo kila mwanachuo anaijua kwa jasho lake, nikakuta karatasi ya namna hiyo imebandikwa ubaoni, nusu yake imefunikwa na tangazo la chumba cha kupanga. Ilihusu ada za biashara ndogo. Niliuliza kama kuna aliyeleta maoni. Dada wa mapokezi akacheka, sio kwa ubaya, akasema mimi ndiye mtu wa kwanza kusimama kuisoma, tena nimesimama kwa sababu mtendaji alikuwa hajafika. Miezi michache baadaye vimashine vikaja na kiwango kipya, na huko nyuma ya hosteli kila mtu akashangaa: "Hii imetoka wapi?" Ilitoka ubaoni.

Kisheria walishirikishwa. Tangazo lilitolewa, muda ukapita, pingamizi halikuja. Mtu wa halmashauri akiulizwa atafungua faili na kila kitu kitakuwemo. Ndiyo maana nasema kulalamika kwamba hatushirikishwi hakutoshi, na wao kujibu kwamba tangazo lilibandikwa hakutoshi pia. Karatasi ya ukurasa mmoja kwa lugha ya kisheria, kwenye ubao wa ofisi ambayo muuzaji hakanyagi kwa sababu sio mtaa wake, ni ushirikishwaji wa kwenye faili.

Mlango ukiwa mwembamba hivyo, watu hupita dirishani. Tumeona. Mei 15, 2023, Kariakoo ilifunga maduka. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalazimika kukaa na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, watu wakashika kipaza sauti mmoja baada ya mwingine, na nchi nzima ikasikiliza. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, safari hii mgomo ukasambaa mpaka miji mingine. Kero kubwa ilikuwa kodi za serikali kuu na kamatakamata, sio halmashauri, hilo niliweke wazi. Lakini somo la jinsi mambo yanavyokwenda ni lile lile: kufunga duka ndiko kulikoleta kiongozi mezani. Wenye maduka ya jumla wanaweza kufunga siku tatu na wasilale njaa. Mama lishe akigoma siku moja, wanaye wanagoma kula usiku huo huo. Mgomo ni silaha ya mwenye akiba.

Na ile njia nyingine, ya kusubiri hisani ya mkubwa, nayo tuliijaribu. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa 20,000. Ukiwa nacho, hakuna wa kukugusa. Wamachinga walifurahi na walikuwa na haki ya kufurahi, walikuwa wamekimbizwa miaka mingi. Mwaka 2021 upepo ukageuka, ikaamuliwa wapangwe upya na waondoke pembezoni mwa barabara, na ile kadi ya plastiki haikuweza kubishana na mtu. Wapo wanaosema kuondolewa kulihitajika, njia zilikuwa hazipitiki, na mimi siwapingi wote. Ninachotazama ni jinsi uamuzi ulivyosafiri. Ruhusa ilishuka kutoka juu, na ilipoondoka iliondokea juu. Katikati, pale ambapo baraza la madiwani na wauzaji wangekaa wakapanga meza ngapi, barabara gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, hapakuwa na makubaliano ya kushikilia.

Tusisahau na hii michango. Ukiuliza ofisa yeyote jinsi biashara za eneo lake zinavyoshiriki kwenye serikali, atakuhesabia: walichangia madawati, walichangia Mwenge, walitoa saruji ya zahanati, walitoa maji ya kunywa kwenye ziara ya mkuu wa wilaya. Yote mema. Lakini huko ni kuchangia, na kuchangia na kushiriki ni vitu viwili. Anayechangia anapigwa picha na kupewa cheti. Anayeshiriki anaulizwa zahanati ijengwe wapi, na kama mtaro uje kwanza. Tena michango hii ina harufu kidogo. Mwenye duka kubwa akishatoa mifuko hamsini ya saruji, siku kibanda cha jirani yake kinapomziba, simu yake inapokelewa. Mwenye kibanda naye alitoa elfu mbili ya Mwenge, ila hiyo haina namba ya simu ya mtu.

Hapo nimegusa jambo ambalo wanaharakati wetu wa chuo hawalipendi, kwamba "wafanyabiashara" sio kundi moja. Mwenye fremu anamlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita mbele, analipa leseni, analipa ushuru wa huduma, halafu asubuhi anakuta mtu ametandika bidhaa zile zile mlangoni kwake kwa bei ya chini. Hasira yake sio ya uongo. Huyo wa chini naye, mteja wake yuko barabarani, ukimpeleka kwenye soko la ghorofa nne umemuua kistaarabu. Ukiwaambia wafanyabiashara waingie kwenye serikali ya jiji bila kuuliza ni yupi, atakayeingia ni yule wa kwanza. Mwaka 1970 huko Toronto, Kanada, wenye maduka wa mtaa mmoja uitwao Bloor West Village waliona wateja wanawakimbia, treni ya chini ya ardhi imewachukua wapita njia na maduka makubwa yamewachukua waliobaki. Wakakubaliana wajitoze tozo ya ziada, jiji liikusanye, lakini bodi ya wenye maduka wenyewe ndiyo iamue itumike vipi: taa, miti, viti vya kupumzikia. Wazo hilo limeenea duniani. Linavutia kwa sababu wanaolipa ndio wanaopanga. Ila sehemu nyingi lilikofika, moja ya kazi za bodi hizo imekuwa kuwaondoa wanaouza chini. Likija hapa kwetu kama lilivyo, naweza kukuchorea ni nani atakuwa na mwavuli na ni nani atakuwa juani.

Kwa hiyo mimi sitaki bodi ya matajiri wa mtaa. Ninachokitaka ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: muuzaji ahesabike mahali anapouzia. Asipewe kura ya pili, hiyo ingeleta balaa, mwenye maduka kumi angedai kura kumi. Apewe kiti na sauti. Kamati ya maendeleo ya kata inaweza kualika vikundi na asasi zinazofanya kazi ndani ya kata, wakazungumza bila kupiga kura. Hakuna sheria mpya inayohitajika hapo, inahitajika barua. Kikundi cha wauza chakula wa kata, kilichosajiliwa kwa ofisa maendeleo ya jamii, chenye katiba ya kurasa tatu na muhtasari wa vikao, kinaweza kuandika kwa mtendaji wa kata kuomba mwaliko wa kudumu, wawakilishi wawili, mmoja wa wenye fremu na mmoja wa wauzao chini. Diwani atakayekataa barua ya watu mia, hata kama mia hao wanapigia kura kwingine, atapaswa kueleza sababu. Wengi wa wateja wao ndio wapiga kura wake.

Saa za vikao zibadilike. Hili ni jambo la kuchekesha kwa udogo wake, na pengine ndilo kubwa kuliko yote. Mtaa wenye wauzaji ukiitisha mkutano saa nne asubuhi, umeshachagua nani asije. Jumapili saa kumi jioni inawezekana. Tangazo la sheria ndogo nalo lisomwe sokoni kwa kipaza sauti, kile kile kinachotangaza chanjo na kutafuta mtoto aliyepotea, kwa Kiswahili cha watu: zamani mlikuwa mnalipa kadhaa, sasa tunapendekeza kadhaa, mwenye neno aje kabla ya tarehe fulani.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa umma. Unaruhusiwa kukaa na kusikiliza, ingawa kuchangia huruhusiwi. Nimewahi kwenda. Viti vya wageni vilikaliwa na waandishi wawili na mlinzi aliyekuwa anasinzia. Kwa saa tatu nilizokaa, neno "wafanyabiashara" lilitajwa mara nyingi sana, karibu kila mara likiambatana na "makusanyo". Diwani mmoja tu, mama wa makamo, aliuliza makusanyo ya soko la kata yake yamerudi sokoni kwa sura gani. Alijibiwa kwamba suala hilo litaletwa kwa maandishi. Laiti wauzaji kumi wa soko hilo wangekuwa wamekaa nyuma yake, nadhani hata jibu lingekaa wima kidogo. Sheria inamtaka diwani mwenye maslahi kwenye jambo alitamke na asilipigie kura, lakini nani anajua diwani fulani ana hisa kwenye kampuni ya taka kama sio wale wanaoiona kampuni hiyo kila siku?

Na sisi je? Serikali yetu ya wanafunzi kila mwaka inakuja na ahadi ya chakula bei nafuu, halafu inakwenda kugombana na mwenye kantini. Bei ya kantini haipangwi kantini peke yake. Ipo kwenye ada ya taka, ipo kwenye operesheni, ipo kwenye umbali ambao mama anausafiri baada ya kuhamishwa. Chuo kina watu wa sheria wanaotafuta mada ya tasnifu, watu wa uhasibu ambao hawajawahi kuona bajeti halisi ya halmashauri, watu wa mipango miji wanaochora masoko ya kufikirika. Sijasema tuwe wasemaji wa mama lishe. Ana mdomo wake na unakata kuliko wetu. Anachokosa ni mtu wa kumsomea karatasi ya ubaoni saa nne asubuhi, wakati yeye anachagua mchele, na kumwambia kwa maneno matatu imesema nini na mwisho ni lini. Hiyo ni kazi ya dakika ishirini. Tunaifanya kila siku kwa matokeo ya mpira.

Kwa upande wa huku nyuma ya hosteli, mambo yameanza kwa mwendo wa kinyonga. Wameshakaa vikao viwili, vyote usiku, kwenye kibanda cha chipsi baada ya kufunga. Kikao cha kwanza kiliisha kwa ugomvi kati ya wenye fremu na wauza matunda kuhusu nani alimwita nani mchafu. Cha pili walifika mpaka kwenye jina la kikundi, wakakwama kwenye kiingilio: kinyozi anataka elfu kumi ili watu wawe na uchungu na kikundi, dada wa juisi anasema kwa elfu kumi ataendelea kuwa na uchungu na juisi yake. Daftari la majina liko kwa kaka wa stationery na mpaka jana lilikuwa na watu kumi na saba. Wanatafuta mwanafunzi wa sheria wa kuwasaidia kuandika katiba kabla ya vikao vya bajeti vya mwisho wa mwaka. Atakayekwenda aende na kalamu yake, maana pale kalamu zinauzwa.